Kuuliza Kazini si Ushamba

Kijana mmoja wa kidato cha nne pale Milola alinifuata baada ya kipindi, macho mekundu kama pilipili. Nikadhani amekesha. Kumbe alfajiri alikuwa shambani kwa mjomba wake, anapulizia mikorosho salfa.

"Hukuambiwa ujikinge?" nikamwuliza.

"Sikuuliza, dada. Wenzangu wameshaizoea ile kazi. Ningeonekana mshamba."

Mmoja wa hao wenzake alikuwa na miwani na kitambaa cha kujifunga puani. Akaja kumwelekeza siku ya tatu! Yaani maarifa yalikuwepo pale pale kazini, ila hayakuwa yanazunguka.

Kwa faida yako nawe: salfa hupulizwa asubuhi na mapema, majani yakiwa na umande na upepo umetulia, ili kuzuia ubwiriunga kwenye maua. Vumbi lake linawasha macho na ngozi, na ukilivuta utakohoa. Mwenye pumu ndiyo kabisa asikaribie. Upe upepo mgongo, vaa mikono mirefu, ziba pua na mdomo, na unawe kabla ya kula.

Pengine utasema, aah, hayo ni ya shamba, mimi nitakuwa daktari. Haya, twende Ifakara, mkoani Morogoro. Hospitali ya pale ilikuwa miongoni mwa hospitali 8 duniani zilizojaribu orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2007 na 2008. Wenzake walikuwa miji mikubwa kama London, Toronto na Manila. Orodha ina mambo 19. Kabla ya kupasua, kila aliyemo chumbani anataja jina lake na kazi yake. Kisha wote wanahakikisha kwa sauti: mgonjwa ni huyu? Tunapasua wapi? Mwishoni muuguzi anahesabu vifaa, kisije kikabaki tumboni mwa mtu.

Kutaja jina kuna maana gani? Fikiria wewe ni muuguzi mgeni, hujafungua mdomo tangu asubuhi, halafu unaona daktari anaelekea kukosea. Utasema? Aliyekwisha kusikika mara moja haoni taabu sana kusema mara ya pili. Katika hospitali zile 8 kwa jumla, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Lakini usidhani karatasi ndiyo dawa. Mwaka 2014 ilitoka taarifa ya hospitali 101 za Ontario, Kanada, zilizoanza kutumia orodha kama hizo, na vifo havikupungua kwa kiasi cha kutajika. Wapo wataalamu waliosema huenda watu walikuwa wanaweka alama ya vema tu bila kuzungumza. Mimi naliamini hilo. Hata shuleni si tunatia tiki?

Wazee wetu waliwahi kujaribu kitu cha namna hii. Muulize bibi au babu kuhusu kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, anayejua kusoma akawasomea wasiojua, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Asiyejua kusoma hakuachwa nje.

Basi siku ile Milola tukajaribu na sisi. Tukakaa duara, kila mmoja ataje jina lake na jambo moja analolijua kuhusu kazi ya nyumbani kwao, na wakubwa wakaanza kwa kusema walichowahi kukosea. Ilipofika zamu ya binti wa kidato cha kwanza, ambaye nilikuwa sijaisikia sauti yake hata mara moja, alimtazama yule kijana akasema: "Kaka, salfa ikiingia machoni usiyafikiche. Mimina maji safi, mengi, robo saa nzima. Mama ndivyo anavyotufanyia."

Kijana akaenda bombani.