Motokari ina jina, na mama je?

Katika nyumba nyingi za Kisangani kuna bahasha, sanduku la biskuti au mfuko wa plastiki wenye picha za zamani. Ndani yake utakuta papa amevaa suti ameegemea motokari, mama mwenye kilemba amesimama karibu na mlango, na watoto wamekaa juu ya boneti. Watoto wetu wanauliza: huyu ni nani? Picha hii ni ya mwaka gani? Mara nyingi hatuna la kujibu, kwa sababu nyuma ya picha hakuna neno hata moja.

Lakini wako watu ambao wakiiona picha hiyo hiyo watajibu nusu ya swali papo hapo. Ni wapenzi wa motokari za zamani. Wako Ubelgiji, Ufaransa, Kenya na kwingine, na hapa kwetu wako pia: mashofere wastaafu na mafundi wazee wa garaji. Unawaonyesha kipande cha taa na pembe ya kioo, wanakutajia kampuni, modeli na miaka ambayo motokari ile ilitengenezwa. Juma hili tunataka tujifunze kidogo ujuzi wao, kwa maana unaweza kutusaidia kuirudisha historia ya familia zetu.

Motokari inasomwa usoni

Mpenzi wa motokari hatafuti jina lililoandikwa, maana kwenye picha ndogo halisomeki. Anatazama sura: taa zimekaa wapi, kioo cha nyuma kina umbo gani, milango inafunguka upande gani, mkia umechongoka au ni wa mviringo. Viwanda hubadilisha vitu hivyo kila baada ya miaka michache, na kila badiliko lina mwaka wake.

Tuanze na Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, inayoitwa Coccinelle. Mtazame kioo chake cha nyuma. Kama ni vipande viwili vilivyogawanywa katikati, ilitengenezwa si baada ya mwezi wa Machi 1953. Kama ni kimoja cha umbo la yai, ni ya kati ya 1953 na 1957. Kama ni kikubwa chenye pembe nne, ni ya baada ya hapo.

Peugeot nazo zilikuwa nyingi katika nchi zetu. Peugeot 203, yenye mgongo wa mviringo, ilianza mwaka 1948. Modeli ya 403 ilifuata mwaka 1955. Mwaka 1960 ikaja 404, na hiyo mtaitambua kwa nyuma: pembe zake mbili zimesimama kama mapezi ya samaki. Modeli ya 504 ilianza mwaka 1968. Taa zake za mbele zina pembe kama macho yaliyokunjwa kidogo.

Land Rover za kwanza zilikuwa na taa za mbele katikati, karibu karibu, kila upande wa radiateri. Mwishoni mwa miaka ya 1960 taa zikahamishwa pembeni, juu ya matope ya magurudumu. Kwa hiyo Land Rover yenye macho karibu na pua ni ya zamani kuliko yenye macho ya kuachana.

Citroën 2CV, ile ndogo yenye paa la turubai, milango yake ya mbele ilikuwa inafunguka kutokea nyuma hadi mwisho wa mwaka 1964. Dada yake mkubwa, Citroën DS, yenye pua ndefu, ilianza mwaka 1955. Kuanzia Septemba 1967 ilipata taa nne chini ya kioo, na mbili za ndani zilikuwa zinageuka pamoja na usukani.

Motokari kubwa za Marekani, kama Chevrolet, zilikuwa na taa mbili tu mbele kwa miaka mingi. Taa nne, mbili mbili kila upande, zilienea hasa katika modeli za mwaka 1958.

Tazameni usukani pia. Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara, na usukani wa motokari za wakati ule uko kushoto. Uganda, Kenya na Tanzania ni kinyume chake. Picha ya zamani yenye usukani wa kulia inawauliza swali: je, ilipigwa hapa kweli, au ndugu yetu alikuwa amesafiri kwenda mashariki? Au motokari yenyewe ilikuja kutoka huko?

Tahadhari mbili

Ya kwanza: motokari inawaambia picha haikupigwa kabla ya mwaka gani. Haiwaambii ilipigwa lini hasa. Coccinelle ya mwaka 1955 iliweza kutembea barabarani hata miaka 20, na kwetu tunajua kutunza chombo. Kwa hiyo msichukue mwaka wa kiwanda mkauandika kuwa mwaka wa picha.

Ya pili: msimwone babu ameegemea Peugeot mkaanza kugombania urithi. Watu wengi walipiga picha karibu na motokari ya bosi, ya parokia, ya kampuni, au ya mgeni aliyekuja kwenye harusi. Motokari ilikuwa pambo la picha, kama kitambaa chenye maua kwenye studio.

Ndiyo sababu wapenzi wa motokari hawategemei alama moja. Sisi pia tutafute nyingine. Kama kibao cha duka kimeandikwa Stanleyville, jueni kwamba mji wetu ulibadilishwa jina kuwa Kisangani mwaka 1966. Kama kuna maandishi ya Zaïre kama jina la nchi, ni kati ya 1971 na 1997. Kama kuna toleka, zile baiskeli za kubeba watu, tumeshatoka mbali na wakati wa wakoloni.

Tuchukue mfano. Tuseme mna picha ya mama amebeba mtoto mchanga. Nyuma yake kuna Coccinelle yenye kioo cha umbo la yai, na juu ya duka mnasoma Stanleyville. Motokari inasema: si kabla ya 1953. Kibao kinasema: huenda ni kabla ya 1966, au muda mfupi baadaye kama hakikubadilishwa mara moja. Sasa mwulizeni bibi: mtoto huyu ni wa ngapi? Mlikuwa mnakaa wapi? Ilikuwa kabla ya Uhuru? Akisema, "Hii ni kabla ya Uhuru, papa yenu alikuwa bado anafanya kazi kwa Wabelgiji," mmefika kati ya 1953 na 1960. Kutoka kutojua kitu, mmebaki na miaka saba tu. Na mara nyingi jina la motokari lenyewe linafungua kumbukumbu. Mzee aliyesahau mwaka hasahau motokari aliyopanda siku ya harusi.

Uso uliowekwa mbele ya motokari

Kuna historia moja ya karibu na kwetu ambayo kila mwanamke wa Tshopo angepaswa kuijua, maana inaonyesha kitu ambacho ujuzi wa motokari peke yake hauwezi kutupa.

Tarehe 28 Oktoba 1924 kampuni ya Citroën ya Ufaransa ilituma motokari 8 kutoka Colomb-Béchar, Algeria, kuvuka Afrika. Nyuma hazikuwa na magurudumu ya kawaida, zilikuwa na mikanda ya kupita kwenye mchanga na matope. Viongozi wa msafara walikuwa Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Walivuka jangwa la Sahara, na mwaka 1925 wakapita kaskazini ya Kongo, katika nchi ya Wamangbetu huko Uele. Hadi mwaka 2015 Haut-Uele na Tshopo tulikuwa pamoja katika Province Orientale, na Kisangani ilikuwa mji wetu mkuu. Kutoka Kongo waliendelea hadi Kampala, wakagawanyika makundi manne, na mwisho wakafika Madagascar.

Kati ya Wamangbetu walimpiga picha mama mmoja kutoka upande: kichwa kirefu kilichofungwa tangu utotoni kufuatana na desturi, na nywele zilizosukwa kwenda nyuma kama kikapu kilichofunguka. Picha hiyo ilizunguka dunia. Sura ile ilitumiwa kutangaza filamu ya msafara, iliyotoka mwaka 1926. Na mchongaji François Bazin alitengeneza kichwa cha mwanamke wa Kimangbetu kwa chuma, kiwe pambo la kuwekwa mbele ya motokari, juu ya radiateri.

Leo mpenzi wa motokari za zamani akiona pambo hilo kwenye picha, atalitambua mara moja. Atawaambia ni la msafara wa Citroën na limechongwa na nani. Atawaambia pia kwamba kila motokari ya msafara ilikuwa na jina lake. Ya Haardt iliitwa Scarabée d'Or, maana yake Mende wa Dhahabu. Ya Audouin-Dubreuil iliitwa Croissant d'Argent, Hilali ya Fedha.

Fikirini basi. Motokari zilipewa majina mazuri ya dhahabu na fedha. Mama ambaye uso wake ulisafiri kuliko motokari zote aliitwa tu "mwanamke wa Kimangbetu". Jina lake lilikuwako: Nobosudru. Lilihifadhiwa kwa sababu kuna mtu aliyeliandika. Lakini wengi walioupenda uso wake hawakulisikia kamwe.

Kazi ambayo ni yetu

Hapo ndipo neno letu la juma hili lilipo. Shofere mzee au mpenzi wa motokari anaweza kutaja kila motokari katika bahasha yako. Hawezi kumtaja bibi yako. Peugeot 404 inabeba kitambulisho chake kwenye taa na mkia, na miaka 100 ijayo itajulikana bado. Mama aliyesimama pembeni yake hana alama ya kiwanda. Akifa yeye na dada zake wanaomkumbuka, anabaki "mwanamke fulani karibu na Peugeot".

Mji wetu umepoteza mengi. Mwaka 1964 na 1967 familia zilikimbia na kuacha nyumba. Kwenye Vita vya Siku Sita, tangu 5 hadi 10 Juni 2000, mabomu yaliangukia makartie yetu, na karatasi ziliungua pamoja na vyombo. Kwa familia nyingi picha zilizobaki ni chache sana, hivyo kila moja ina uzito.

Tunapendekeza kila kikundi cha wamama kitenge alasiri moja kwa kazi hii. Kila mama alete picha tatu au nne tu. Mwalikeni shofere mstaafu au fundi mzee wa komini yenu, na wazee wawili wanaokumbuka kartie. Kijana mmoja apige kila picha kwa simu, kivulini, pasipo mwanga wa flashi. Kisha ulizeni kwa mpangilio: motokari ni gani, na si kabla ya mwaka gani? Ni mahali gani? Watu hawa ni nani, kutoka kushoto kwenda kulia? Andikeni majina ya wanawake kwa jina lao wenyewe, si "bibi ya Fulani" peke yake.

Nyuma ya picha andikeni kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza. Biki hupita upande wa pili na wino hutapakaa. Msibandike kwa gundi wala skochi. Hali ya hewa yetu ina unyevu mwingi, hivyo wekeni picha ndani ya bahasha ya karatasi mahali pakavu, mbali na ukuta unaotoa maji. Mtu wa mbali akiomba kuona picha, mpeni nakala. Ya asili ibaki nyumbani.

Mjue pia mpaka wa kazi hii. Picha iliyokadiriwa mwaka haichukui nafasi ya cheti. Inasaidia wazee kukumbuka na kusema neno moja, basi. Ndiyo sababu tunawakumbusha mama wenye watoto wachanga: sheria ya familia inatupa siku 90 za kuandikisha mtoto kwenye état civil. Zikipita, ni lazima kupitia mahakama kupata hukumu ya kuchukua nafasi ya cheti, na safari hiyo ni ndefu. Mtoto wa leo asije akategemea kioo cha nyuma cha Coccinelle ili ajue alizaliwa lini.

Basi bahasha itoke chini ya kitanda juma hili, wazee wetu wangali hai. Kwenye mkutano wetu ujao kila mmoja aje na picha zake, na penseli moja.