Mkataba wa Kimataifa na Gunia la Chikanda

Wako viongozi wanaodhani kwamba taifa likishatia saini mkataba wa kimataifa, kazi imekwisha. Dhana hiyo ni potofu, na Nyanda za Juu Kusini zinatuonyesha kwa nini.

Mwaka 1979 Tanzania iliridhia CITES, mkataba unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Mwaka 1996 ikaridhia ule wa Bioanuwai. Kwa mujibu wa CITES, okidi za porini hazivuki mpaka bila kibali, na kibali hutolewa tu ikithibitika kwamba uvunaji hauhatarishi mimea hiyo. Hayo ni ya kwenye karatasi.

Sasa tutazame hali halisi. Uwanda wa Kitulo uko kati ya Mbeya na Makete, wilaya iliyokuwa ya Mkoa wa Iringa hadi Njombe ilipofanywa mkoa mwaka 2012. Okidi za huko zina mizizi minene kama kiazi. Mizizi hiyo huchimbwa, hutiwa magunia na kupelekwa Zambia, ambako hutwangwa na kupikwa kwa karanga kuwa chikanda. Biashara ilipanuka sana miaka ya 1990. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria mizizi inayouzwa kwa mwaka kuwa ni mamilioni. Mchimbaji hutwaa mzizi mpya, ulio mgumu, nao ndio akiba ya mmea kwa mwaka unaofuata. Mmea hufa.

Ni nani anayechimba? Ni mwanakijiji asiye na fedha, anayemwuzia mlanguzi mwenye usafiri. Na ofisa wa mpakani Tunduma akifungua gunia haoni ua. Anaona mizizi tu, ambayo hata mtaalamu hutaabika kuitambua ni ya okidi ipi. Mkataba unadai jina la mmea. Gunia halina jina.

Mwaka 2005 Kitulo ilitangazwa Hifadhi ya Taifa, kilomita za mraba 412 hivi. Hatua hiyo ilikuwa sahihi, wala hatuibezi. Lakini okidi huota nje ya hifadhi pia, kwenye ardhi ambayo kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 husimamiwa na halmashauri ya kijiji. Ndani ya hifadhi yuko askari, nje iko halmashauri, mpakani iko forodha. Mlanguzi hupenya katikati yao. Na tujiulize: ni halmashauri ngapi za vijiji zimewahi kusomewa mkataba huo kwa Kiswahili?

Wengine hushauri okidi zilimwe. Ni rahisi kusema hivyo ofisini. Mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina akiba ya chakula, na haioti porini bila kuvu maalumu wa udongoni. Mchimbaji hawezi kuisubiri. Mazao yake ya fedha yako tayari shambani: viazi mviringo na pareto. Kada anayekwenda Makete kuhimiza hifadhi aanze kwa kuuliza bei ya mazao hayo, na barabara ya kuyafikisha sokoni, kabla hajautaja mkataba.