Kafyu ya saa moja, hema na mtoto mwenye homa

Mwaka 2021 shule zilifungwa kwa likizo fupi, na wazazi waliokosa kusafiri Pasaka walitaka kufidia. Wiki ile mama mmoja aliyemleta mtoto kliniki aliniuliza, “Daktari, tumeshalipia mahali pa kupiga hema msitu wa Kakamega. Twende au tusiende?”

Ugumu wake ulianza barabarani. Nairobi na Nakuru kafyu ilikuwa saa nne usiku. Ukiingia Kericho, ulikuwa umefika kwenye kaunti 13 za Nyanza, Magharibi na jirani zake ambako, tangu katikati ya Juni, kila mtu alitakiwa awe ndani saa moja jioni. Safari haikuwa imepigwa marufuku, ila serikali iliwasihi wasio na shughuli ya lazima wasiingie wala kutoka. Ungetoka Nairobi saa sita mchana na watoto watatu, ukasimama mara mbili wapate kwenda haja, giza lingekukuta njiani na polisi wako kazini.

Wazazi wengi walilalamika kwamba masharti hayo hayakuwa na mpangilio. Mwezi Machi waliofungiwa walikuwa watu wa Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru. Familia ya Kisumu haikuweza kupiga hema Naivasha. Baadaye mambo yakageuka. Nilielewa kero hiyo, lakini masharti yalifuata maambukizi, na wakati huo kirusi cha Delta, kilichosambaa haraka kuliko vilivyotangulia, kilikuwa kimezilemea hospitali za kanda ya ziwa. Aliyeugulia huko aligombea kitanda na oksijeni pamoja na wenyeji.

Kwa hiyo nilimwambia mama yule kile ambacho ningemwambia dada yangu: ahirisha. Naivasha, Hell’s Gate na Ol Donyo Sabuk ziko karibu, na kafyu ya huko ilikupa muda wa kupika na kula nje bila haraka. Pesa uliyolipa, piga simu uombe isogezwe mbele.

Nilijua walikuwapo ambao wangekwenda hata hivyo, wengine kwa sababu nyanya alikuwa huko na hawakuwa wamemwona mwaka mzima. Basi tuzungumze.

Hewa ya nje ni rafiki yako. Ndani ya hema lililofungwa zipu, mambo ni tofauti: watu sita wakilala humo wanavuta pumzi moja usiku kucha. Kila familia ilale hema lake, madirisha ya wavu yabaki wazi. Mlo na nyanya uwe nje, kwa nafasi, hasa kama amepata dozi moja tu ya chanjo. Wakati huo watoto hawakuwa wamechanjwa kabisa, na mtoto anaweza kubeba corona bila hata kupiga chafya.

Kulikuwa na hatari nyingine iliyoletwa na kafyu ya mapema, nayo ilinitia hofu kuliko corona yenyewe. Saa moja imefika, mvua inanyesha, chakula hakijaiva, baba anaingiza jiko la makaa hemani. Tafadhali, usithubutu. Moshi wa sumu utokanao na makaa hauna rangi wala harufu, na makaa huendelea kuutoa hata yakionekana yamefifia. Watu hulala na hawaamki. Pika mapema, mle vilivyopoa ikibidi, na mjifunike blanketi.

Halafu malaria. Mtoto aliyekulia Nairobi hana kinga ya kuumwa na mbu wa kanda ya ziwa. Mwone daktari kabla ya safari kuhusu dawa ya kuzuia, na mlale ndani ya chandarua chenye dawa hata hemani. Dalili huchukua angalau siku saba kujitokeza, mara nyingi siku 10 hadi 15, yaani mtoto ataanza kuchemka mkisharudi nyumbani. Hapo kila mtu atafikiria corona. Mwambie daktari mlikolala, na udai kipimo cha malaria siku hiyohiyo, hata kama anapimwa corona pia.

Na homa ikija usiku? Mwaka 2020 nilimpokea msichana wa miaka minne aliyeanza kuchemka saa tatu usiku. Mama alisubiri kafyu iishe saa kumi alfajiri kwa kuogopa polisi. Alipofika alikuwa ameshapata degedege mara mbili na damu imepungua vibaya. Alipona, baada ya kuongezewa damu na kulazwa siku sita. Bado ninaukumbuka uso wa mama yule.

Mgonjwa mahututi haambiwi asubiri asubuhi. Mtoto akipumua kwa kasi, akitapika kila kitu, akikataa kunywa, akipata degedege au akiwa mzito kuamka, ondokeni. Piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, au chukua gari lenu na kitabu chake cha kliniki. Kwenye kizuizi simama, washa taa ya ndani ya gari, mwonyeshe askari mtoto. Kabla hata ya kusimika hema, uliza hospitali inayofungua usiku iko wapi, na uandike nambari yake kwenye karatasi, maana simu huzima msituni.