Wachina Waihamisha Dunia

Msomaji mpenzi, ukiambiwa kwamba jua linakufa, nawe una mke, watoto na shamba, utafanyaje? Katika hadithi nyingi za Ulaya na Marekani watu hupanda chombo wakakimbilia mbali. Bwana Liu Cixin, Mchina aliyekuwa fundi wa kompyuta katika kituo cha umeme huko Shanxi, aliona vingine: watu hawaiachi nyumba yao, bali waichukua dunia nzima na kwenda nayo! (Usiogope, wataalamu wasema jua letu lina miaka kama milioni elfu tano mbele yake.)

Hadithi hiyo, "Dunia Inayotangatanga", ilitoka mwaka 2000. Mwaka 2019 Bwana Frant Gwo aliifanyia sinema. Yafaa kuvitazama vyote viwili, maana havisemi neno moja.

Katika hadithi, mitambo mikubwa mno yaisukuma dunia katika safari ya miaka 2,500. Watu waishi chini ya ardhi. Halafu mnong'ono waanza: mbona jua ni zima? Tumedanganywa! Basi wakaasi. Wale waliobaki waaminifu, zaidi ya 5,000, wakatolewa nje juu ya barafu, mavazi yao yakaondolewa vyombo vya kuyatia joto, wakagandishwa na baridi hata wakafa, umati ukitazama. Mara jua likalipuka.

Sinema imekiacha kisa hicho chote. Humo dunia yavutwa na sayari ya Mshtarii, karibu zigongane. Yupo kijana Liu Qi, amlaumuye baba yake kwa kwenda kufanya kazi angani na kumwacha alelewe na babu. Mwishowe baba akiendesha kituo chake kuingia motoni, na dunia yaokoka. Sinema ilitolewa siku ya mwaka mpya wa Kichina, jamaa wakiwa wamekusanyika nyumbani; si ajabu kisa cha baba kikawagusa. Lakini kwa maoni yangu hadithi ndiyo yenye uchungu zaidi, kwani waliokufa ndio waliokuwa wakisema kweli.

Hadithi za namna hii si ngeni China. Mwaka 1903 Lu Xun alitafsiri safari ya mwezini ya Jules Verne, ili kuwavuta wenzake wapende sayansi. Mwaka 1983 serikali ilianza kupiga vita "uchafu wa kiroho", na hadithi hizi zikabanwa vibaya. Gazeti moja la Chengdu lilisalimika, na humo, mwaka 2006, Liu alianza kutoa kwa sehemu hadithi iliyompatia tuzo ya Hugo mwaka 2015.

Sinema ya pili ilitoka mwaka 2023, nayo yaeleza mambo yaliyotangulia ile ya kwanza. Humo wapinzani wa safari wamerudi, tena vita yao yaanzia kwetu Afrika: washambulia mtambo wa kupandia angani uliojengwa Gabon.