Modeli ya ndege ambayo haikuwahi kuundwa: Hivi ndivyo inavyopatikana

Me 262 HG III ni ndege ya kivita ya Ujerumani ambayo haikuwahi kuundwa. Ilibaki kwenye michoro ya kampuni ya Messerschmitt hadi vita vikaisha Ulaya, Mei 1945. Leo mpenzi wa modeli anaweza kuiweka mezani kwake, akianza na modeli ya plastiki ya Me 262 ya kawaida.

Kwa nini ilichorwa?

Me 262 iliruka kwa injini za jeti pekee kwa mara ya kwanza Julai 18, 1942. Mabawa yake yalilala nyuma kidogo, nyuzi 18.5 tu, na kumbe sababu haikuwa kasi. Injini zilikuja nzito kuliko ilivyotarajiwa, ikabidi uzito usawazishwe.

Ndege ikikaribia kasi ya sauti, hewa hujibana kwenye bawa na kuikwamisha. Bawa lililolala nyuma zaidi huchelewesha tatizo hilo. Ndiyo maana HG III ilichorwa na mabawa ya nyuzi 45, injini zikatolewa chini ya mabawa na kubanwa ubavuni mwa ndege.

Kazi inaanza wapi?

Inaanza kwenye karatasi. Chora kwanza kwa uwiano uleule wa modeli, kwa mfano 1/72, kisha pima kila kipande juu ya mchoro. Plastiki ikishakatwa, imekatwa.

Baada ya hapo mabawa na injini hukatwa na kusogezwa. Mapengo huzibwa kwa puti, hukaushwa vizuri, halafu hupigwa msasa, kuanzia ule mkavu hadi laini kabisa.

Mtego uko kwenye magurudumu

Kwenye Me 262 ya kawaida, magurudumu makubwa hujikunja kuelekea tumboni. Sasa njia hiyo imezibwa na injini! Lazima utafute nafasi nyingine inayoingia akilini, au uionyeshe ndege ikiwa angani, magurudumu yamefichwa.

Jambo la pili ni uzito. Ukirudisha mabawa na injini nyuma, modeli itakalia mkia. Weka risasi au vyuma vidogo puani kabla ya kuifunga kwa gundi. Ishikize kwanza kwa utepe, uone kama inasimama.

Na rangi je?

Hakuna picha ya kuiga, ila zipo Me 262 halisi za kutazama. Za mwisho mwisho ziliundwa haraka haraka, na viwiliwili vingi vilitoka kwenye mahandaki ya Gusen, Austria, walikofanyishwa kazi wafungwa wa kambi ya mateso. Maelfu walikufa huko. Modeli inayong'aa kama ya maonyesho itaficha habari hiyo.

Hakuna atakayekuonyesha picha na kusema umekosea. Lakini ukiulizwa "gurudumu hili lingeingia wapi?", uwe na jibu.