Viatu vya Mwendesha Pikipiki

Wewe unayeendesha pikipiki kati ya Butembo na Beni, miguu yako huonja hali mbili katika safari moja. Butembo iko juu milimani penye baridi. Beni iko chini penye joto.

Buti za mpira huzuia mvua na matope. Lakini jasho halina njia ya kutoka: ngozi hulainika, vidole huwasha na kupasuka, na uchafu huingia. Buti za ngozi hupitisha hewa, lakini mvua ikizidi hunyonya maji na kukawia kukauka. Kidonda kidogo chaweza kukulaza, na watoto wakose chakula.

Basi, fanya hivi. Suruali ifunike buti. Chukua soksi kavu. Jioni osha miguu, pangusa katikati ya vidole. Jaza buti makaratasi, zikauke mbali na moto.

Usiendeshe na sandali. Bomba la moshi huunguza. Ukiungua, mwagia maji safi ya baridi dakika 20, usipake dawa ya meno, kisha uje hospitali.

Omba ulinzi wa Bwana, halafu vaa buti zako.