Neno la Kwanza la Shahidi

Mwaka 1985, huko Richardson, kaskazini mwa Dallas, Marekani, polisi walimwekea mwanamke aliyebakwa picha kadhaa mbele yake. Akaitazama moja, akasema anadhani ndiye. Mpelelezi akamwambia kudhani hakutoshi, ajibu ndiyo au hapana. Akajibu kuwa bila shaka ndiye. Mwenye picha hiyo, Thomas McGowan, akahukumiwa kifungo cha maisha. Alikaa gerezani karibu miaka 23, hadi vipimo vya vinasaba vilipoonyesha mwaka 2008 kuwa si yeye.

Je, mama yule alidanganya? Hapana. Aliamini alichokisema, na hapo ndipo penye ugumu: mwongo anaweza kubanwa kwa maswali akajikanyaga, lakini anayeamini hatikisiki.

Wengi hudhani kumbukumbu ni kama video kwenye simu, ukiifungua leo ni ile ile ya jana. Sivyo. Kila tunapokumbuka, ubongo huliunganisha tukio upya kwa vipande vilivyobaki, na penye pengo hujazia chochote tulichokisikia baadaye: maneno ya jirani, habari ya redioni, hata swali lenyewe.

Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu ya ajali ya magari. Baadhi waliulizwa magari yalikuwa na kasi gani yalipogongana, wengine, yalipobamizana. Wiki moja baadaye wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Havikuwamo katika filamu. Walioulizwa kwa neno "gongana", 7 kati ya 50 walisema waliviona. Kwa "bamizana", 16 kati ya 50. Kitenzi kimoja kilivunja vioo.

Ndivyo "ndiyo au hapana" ilivyofanya kule Richardson. Ilifuta kusita kwa shahidi, na mahakama ikasikia uhakika tu.

Je, tusiwaamini mashahidi kabisa? Jiji la Houston, Marekani, linatupa jibu. Mwaka 2013 kitengo cha unyang'anyi cha polisi wa jiji hilo kilishiriki utafiti katika kesi halisi. Picha zilionyeshwa kwa namna ambayo askari asingeweza kumdokeza shahidi hata kwa jicho, na shahidi alitaja papo hapo kiasi cha uhakika wake. Mwanasaikolojia John Wixted na wenzake walichambua magwaride 348 ya utambuzi kwa picha. Kwa makadirio yao waliyochapisha mwaka 2016, uhakika mkubwa unaotamkwa mara ya kwanza huwa wa kuaminika sana. Uhakika mdogo ndio wenye hatari ya makosa. Uhakika wa kizimbani, uliokwisha kulishwa maneno, ni kitu kingine.

Kwetu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikwishaonya mwaka 1980, katika kesi ya mtu aitwaye Waziri Amani, kwamba utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu: upimwe kwa mwanga, umbali na muda. Saikolojia inaongeza swali moja: baada ya tukio, shahidi aliambiwa nini?

Basi ukishuhudia ajali au uhalifu, andika ulichokiona kabla ya kusimulia kijiweni au kufungua WhatsApp. Andika na yale usiyo na hakika nayo. Na mpelelezi akikubana, kumbuka kuwa "nadhani" ni jibu kamili. Usikubali kunyang'anywa.